Kuchacha na kuchachusha: Maneno mawili, maana tofauti

Unafungua sufuria asubuhi, maharage ya jana yana povu na harufu kali. Hapo utasema "yamechacha", na si "yamechachushwa". Kwa nini?

Kuchacha hutokea chenyewe: chakula kinakuwa kichachu au kinaanza kuharibika. Kuchachusha ni kukifanya kitu kiwe kichachu, yaani kuna mtu kakusudia. Neno hili limetokana na *chachuka*, kama *chemka* inavyotupa *chemsha*.

Jikoni
Mpishi wa togwa hutia kimea kwenye uji uliopoa kidogo, kisha anauacha. Bakteria hugeuza sukari kuwa asidi na ladha inakuwa chachu. Huyo amechachusha. Unga wa vitumbua wenye hamira ukivimba, tunasema umeumuka. Ukisahaulika mpaka ukawa mkali mdomoni, ndiyo umechacha.

Mtaani
"Aisee, nimechacha" maana yake sina hata mia mfukoni. Ugomvi nao huchacha ukipamba moto, na bahari ikichafuka wavuvi husema imechacha.

Kwenye habari
Ajabu ni kwamba kuchacha mara nyingi ni habari mbaya, ila chachu ni sifa. Ukisikia "vijana ni chachu ya maendeleo", wanafananishwa na hamira: kidogo tu, lakini inainua unga wote.

Usichanganye
"Maziwa machache" ni maziwa kidogo. "Maziwa machachu" ni maziwa yaliyochacha. Herufi moja tu, na muuza duka anakupa kitu kingine kabisa.

Kwa nini ujali?
Kwa sababu kuna watu husema "wali umechacha kidogo tu, upashe moto tule". Hapana. Wali uliolala nje unaweza kuwa na bakteria waitwao Bacillus cereus, na baadhi yao huacha sumu ambayo haiondoki hata ukiupasha moto. Matokeo yake ni kutapika na kuharisha. Tena wali unaweza kuwa na sumu hiyo bila kunuka wala kubadilika ladha, kwa hiyo usingoje uchache ndipo uumwage. Ukibaki, uweke kwenye friji mapema.

Kwa hiyo kabla ya kula kitu kichachu, jiulize swali moja: hiki kimechachushwa, au kimechacha chenyewe?