Kanisa Moja, Picha Kumi na Tatu

Watu wengi hudhani kwamba mchoraji anayerudia nyumba ile ile kila mara amekwisha kukosa la kuchora. Basi tutazame habari ya Lyonel Feininger, tupate kujua kama neno hilo ni kweli.

Feininger alizaliwa New York, katika nchi ya Marekani, mwaka wa 1871. Wazazi wake walikuwa watu wa muziki, naye mwenyewe alipiga fidla tangu utoto. Mwaka wa 1887 alikwenda Ujerumani ili kujifunza muziki, lakini alipofika huko moyo wake uligeukia uchoraji. Kwa miaka mingi alipata riziki kwa kuchorea magazeti picha za kuchekesha.

Mwaka wa 1906 alikaa Weimar, akawa anazunguka vijiji vya jirani, penseli mkononi. Karibu na mji huo kiko kijiji kiitwacho Gelmeroda, chenye kanisa dogo la Waprotestanti. Si kanisa kubwa wala la fahari, ila mnara wake una kilele chembamba kilichochongoka kama mkuki. Kilele hicho kilimshika asiweze kukisahau. Mwaka wa 1913 alichora kwa rangi za mafuta picha ya kwanza, Gelmeroda I. Ile ya mwisho, Gelmeroda XIII, ni ya mwaka wa 1936. Kanisa moja, miaka 23, picha 13!

Sasa tuone alichagua nini. Kwanza, hakusimama mbele ya kanisa na kunakili kila jiwe. Alichora umbo lake upesi kwa penseli, akaziweka karatasi zile, kisha akazifanyia kazi nyumbani, pengine baada ya miaka. Kumbukumbu ni kama ungo: makapi hupeperuka, punje hubaki.

Pili, mwaka wa 1911 alifika Paris, akaona kazi za wachoraji waitwao Wakubisti, ambao walikuwa wakivunja umbo la kitu kuwa vipande vipande. Alipokea njia yao, lakini aliitumia kwa kusudi jingine. Mistari ya mnara aliivuta mpaka ikaingia angani. Nuru akaikata kama vioo, hata ukuta na hewa vikawa kitu kimoja.

Tatu, aliuinua mnara kupita kipimo chake cha kweli, na katika baadhi ya picha aliweka chini yake watu wadogo sana. Hivyo anayetazama haoni tu urefu wa jengo. Anaona jinsi mtu anavyojisikia akiwa amesimama chini yake.

Nne, kila picha aliipa hali yake. Katika zile za kwanza mistari imeinama, na kanisa linaonekana kama linatikisika. Katika zile za baadaye mistari imenyoka, na nuru imetulia.

Tena tusisahau muziki. Tangu mwaka wa 1921 Feininger alitunga fuga za kupigwa kwa kinanda. Katika fuga sauti ya kwanza huanza wimbo, ya pili huupokea, ya tatu hufuata. Wimbo ni mmoja, lakini kila sauti inayoingia hutufunulia jambo ambalo hatukulisikia mwanzo. Hata picha zile za Gelmeroda zaweza kusomwa hivyo.

Picha ile ya 13 aliichora Wanazi wakiwa wametawala Ujerumani miaka mitatu. Wao waliichukia kazi yake, na mke wake, Julia, alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi. Mwaka wa 1937 Feininger na mkewe walirudi Marekani. Mwaka huo huo picha zake ziliwekwa Munich katika maonyesho yaliyokusudiwa kuwadhihaki wachoraji wa namna mpya, na kazi zake zaidi ya 300 ziliondolewa katika majumba ya makumbusho. Alikufa New York mwaka wa 1956.

Kanisa la Gelmeroda lingali limesimama, na wasafiri wa barabara kuu hupumzika humo. Kwa macho ni kanisa dogo la kijijini. Feininger alilirudia kwa sababu kila mara alikuta bado hajalimaliza.