Jina la Uvimbe na Kisu cha Mpasuaji: Historia ya Tiba ya Saratani za Uso, kutoka Mulago hadi Gurei

Makala haya yanafuatilia historia ya tiba ya saratani za uso ili kutetea hoja moja: jina unalopewa uvimbe ndilo linaloamua iwapo mpasuaji atashika kisu au atakiweka chini. Kwa mkazi wa Gurei, jijini Juba, anayesafiri kupitia Nimule kutafuta matibabu Kampala, hilo si suala la istilahi tu.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto aliyevimba taya zote. Burkitt alichapisha maelezo ya ugonjwa huo mwaka 1958, akauita sakoma ya taya. Upasuaji haukuwaponya watoto hao. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari takribani kilomita 16,000 wakichunguza mipaka ya kuenea kwa ugonjwa. Wanapatholojia walipothibitisha kuwa ni limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga, tiba ilibadilika: dawa ziliyeyusha uvimbe ambao kisu kilishindwa kuuondoa. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilianzishwa Mulago, nacho ndicho chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Saratani ya gegedu ya pua na sainasi ina historia iliyo kinyume chake. Ni adimu, hukua polepole, na dalili zake za mwanzo, kama vile pua kuziba na uso kuvimba, hufanana na za maradhi mepesi. Dawa za saratani haziifanyi lolote la maana, na mionzi ya kawaida huhitaji kipimo kikubwa karibu na macho na ubongo. Tegemeo kuu ni kuuondoa uvimbe wote pamoja na ukingo wa nyama isiyo na ugonjwa. Masalia yakibaki, uvimbe hurudi palepale, hata baada ya miaka mingi, na hatari kubwa ni kupenya kitako cha fuvu.

Upasuaji wenyewe umepita njia ndefu. Mwaka 1827, mjini Lyon, Joseph Gensoul aliondoa taya ya juu ya mgonjwa bila nusukaputi, ambayo ilikuwa haijaanza kutumika. Kwa miongo mingi iliyofuata, kufikia sainasi kulimaanisha kupasua uso kando ya pua. Kuanzia miaka ya 1970, kazi ya Walter Messerklinger huko Graz ilieneza matumizi ya endoskopi, na baadaye wapasuaji wakaweza kuondoa baadhi ya saratani kupitia tundu la pua bila kuacha kovu usoni. Hata hivyo, uvimbe uliosambaa bado hudai upasuaji wa wazi.

Nyuso mbili zilizovimba, basi, huweza kudai tiba zinazopingana. Hapa ndipo lugha inapoingia. Neno saratani humfikia msemaji wa Kiarabu cha Juba bila mkalimani, kwa kuwa Kiswahili kililitoa katika Kiarabu, ambamo lina pia maana ya kaa. Neno gegedu halina bahati hiyo. Mgonjwa akiambiwa tu kwamba ana saratani, anaweza kungoja dawa alizosikia zilimponya mtoto wa jirani. Akiambiwa tu kwamba ana uvimbe, anaweza kuacha kurudi kliniki jeraha likipona. Ridhaa aliyoitia saini itakuwa imekosa maana.

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Makala haya yanapendekeza kwamba Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ikishirikiana na wapasuaji na wanapatholojia, iandae maelezo sanifu ya ridhaa kwa Kiswahili na Kiarabu cha Juba, yataje aina ya saratani, sababu ya kupasua au kutopasua, na miaka ya kufuatiliwa. Mulago ilifundisha kwamba tiba sahihi huanza na jina sahihi. Jina hilo halina budi kumfikia mgonjwa pia.