Seva pepe: Jinsi kompyuta moja inavyoshika zamu ya nyingine

SEVA ni kompyuta inayowahudumia watumiaji wengi kwa wakati mmoja kupitia mtandao. Ikizimika ghafla, tovuti haifunguki na malipo ya benki hukwama. Ndiyo maana taasisi kubwa hufunga seva kadhaa zifanye kazi kama kundi, ili moja ikiharibika nyingine ishike zamu.

Ugumu ni kwamba kila kompyuta ina anwani yake, ilhali mtumiaji anaijua moja tu. Suluhisho ni seva pepe, yaani jina na anwani visivyofungwa kwenye kompyuta yoyote. Mtumiaji huita anwani hiyo, na kompyuta iliyo zamuni huitika.

Njia mojawapo ni kanuni ya VRRP, iliyochapishwa mwaka 1998 kwa ajili ya ruta, vifaa vya kuelekeza mawasiliano. Programu ya Keepalived huitumia katika seva za Linux. Kila kompyuta hupewa namba ya kipaumbele. Yenye namba kubwa huishika anwani na, kwa kawaida, kutangaza kila sekunde 1 kwamba ingali hai. Ikinyamaza kwa takriban sekunde 3, inayofuata huichukua anwani na kuujulisha mtandao.

Fundi ahakikishe kwamba kompyuta zote zina mipangilio ileile, kwamba data hunakiliwa kila mara, na kwamba umeme na nyaya havitegemei chanzo kimoja.

Hata hivyo, hatari kubwa si seva kufa, bali kudhaniwa imekufa. Mawasiliano baina ya seva mbili yakikatika, zote huweza kujiona zina zamu, zikaandika kumbukumbu zinazopingana. Kinga yake ni kuongeza mpiga kura wa tatu ili wengi waamue, na kuizima kabisa seva inayotiliwa shaka kabla ya kuirithi.

Kura nazo hazitoshi ikiwa nakala zimechelewa. Oktoba 21, 2018, mawasiliano baina ya vituo vya kampuni ya GitHub nchini Marekani yalikatika kwa sekunde 43. Kazi ilihamishiwa pwani ya magharibi huku baadhi ya maandishi ya mashariki yakiwa hayajanakiliwa. Huduma iliyumba kwa saa 24 na dakika 11.

Kwa hiyo, kabla mfumo haujakabidhiwa watumiaji, ni vyema kuchomoa waya kwa makusudi na kuhakiki mambo mawili: je, zamu imepokewa, na je, kumbukumbu zote zimesalimika?