Nidhamu ya Kiroho: Funzo Kutoka kwa Balokole wa Uganda

Tunapofundisha msamiati wa dini, aghalabu tunaishia kwenye asili ya maneno: toba na ibada yametoka katika Kiarabu, kwaresima katika Kireno, ilhali kufunga ni neno la Kibantu. Maelezo hayo ni sahihi lakini hayatoshi, kwani maneno hayo yana historia ya watu walioyaishi. Katika makala haya tunaangalia historia ya Balokole.

Balokole ni neno la Kiluganda lenye maana ya 'waliookoka'. Mwaka 1929, Simeoni Nsibambi alikutana jijini Kampala na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho ulioanzia hapo ulienea Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika.

Nidhamu yao ilikuwa na nguzo nne: kusoma Biblia, kuomba alfajiri, kuungama dhambi mbele ya wenzao, na kurudisha walichoiba. Mbili za mwisho ndizo zilizowatofautisha na wengine. Waumini walikuwa wamezoea toba ya kitabu cha sala, inayosemwa na wote kwa pamoja. Balokole walimtaka mtu alitaje kosa lake, kisha amwendee aliyemkosea. Katika mikutano yao hata mmisionari Mzungu aliungama mbele ya Waafrika, jambo ambalo halikuwa la kawaida enzi za ukoloni.

Mwaka 1941 nidhamu hiyo iligongana na nidhamu ya aina nyingine. Katika Chuo cha Theolojia cha Bishop Tucker, Mukono, baadhi ya wanafunzi waliamka kabla ya mapambazuko ili kuomba na kuhubiri. Uongozi ukawakataza, nao hawakutii. Wanafunzi 26 walifukuzwa, akiwemo William Nagenda.

Je, ni nani aliyevunja nidhamu? Kwa upande mmoja, mchungaji asiyeweza kutii ratiba ya chuo atawaongozaje waumini? Kwa upande mwingine, chuo cha wachungaji kitamzuiaje mtu kuomba? Tena, kuamka mapema kunaweza kugeuka kiburi cha kuwahukumu waliolala, na lawama hiyo Balokole waliipata mara nyingi.

Nagenda hakupata kuwa kasisi, lakini alihubiri katika nchi nyingi. Balokole wengi hawakulihama Kanisa la Anglikana. Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948, alikuwa Askofu Mkuu alipouawa Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin.

Shuleni, neno nidhamu huleta picha ya kengele na fimbo. Kwa Balokole, lilihusu zaidi yale ambayo mtu hujitaka mwenyewe bila kusimamiwa. Tunapendekeza walimu wawape wanafunzi maana zote mbili, kisha wawaachie mjadala wa Mukono.