Ndege ya mafunzo na swichi ya mwalimu

Wadau, ukitaja historia ya ndege za jeshi hapa nchini, wengi wataanza na Vita vya Kagera. Migi, mizinga, Bukoba, Mwanza. Leo naomba turudi nyuma zaidi, kwenye ndege moja ndogo ya propela moja ambayo haikuundwa kwa ajili ya kupigana na mtu. Inaitwa Piaggio P.149D.

Nimeikumbuka kwa sababu ya vijana wa Kasulu. Mmoja alinionesha kwenye simu yake video ya ndege ya mfano huko Ulaya. Siyo kale kandege ka kuchezea ka dukani. Hii ilibebwa na watu wawili, ina injini ya petroli, ina rangi za jeshi, na ndani amekaa rubani wa plastiki na kofia yake. Jamaa amesimama pembeni ya uwanja na rimoti mkononi, ndege inapaa, inazunguka, inatua. Kijana akaniuliza, "Kaka, hizi kubwa zake na sisi tulikuwa nazo?"

Tulikuwa nazo, na habari yake ni ndefu kuliko ile video.

Kwanza tuelewane kuhusu hizo za mfano. Wanaoziunda wanapenda sana ndege za mafunzo, na wana sababu. Ndege ya mafunzo hutengenezwa kumvumilia mtu asiyejua. Mabawa yake ni manyoofu, haihitaji mwendo mkali ili ibaki hewani, inatua bila visa vingi. Sifa hizo hizo zinamfaa mtu anayeongoza ndege akiwa chini, asiyeweza kuhisi chochote kupitia kiti chake. Chukua Piaggio yenyewe: mabawa yake, toka ncha hadi ncha, ni mita 11 na kidogo. Ipunguze mara nne, unapata mita 2.8, upana wa chumba cha kulala cha nyumba zetu nyingi. Lakini uzito haupungui mara nne. Unapungua kwa urefu, kwa upana na kwa kimo, yaani mara 64. Piaggio iliyojaa watu na mafuta hufika kilo 1,680 hivi, kwa hiyo mfano wake ungekuwa na kilo 26. Mfuko nusu wa saruji, unaoruka juu ya vichwa vya watu. Hapo ndipo mchezo unapoacha kuwa mchezo.

Na anayejifunza kuirusha hapewi rimoti peke yake. Zinaunganishwa rimoti mbili, moja ya mwanafunzi, moja ya mwalimu. Mwalimu anashikilia swichi. Akiibana, mwanafunzi anaongoza. Akiiachia, ndege inarudi mikononi mwa mwalimu papo hapo, mwanafunzi apende asipende. Ndani ya Piaggio ilikuwa vivyo hivyo: mwalimu na mwanafunzi bega kwa bega, kila mmoja na usukani wake.

Sasa turudi 1964. Januari 20 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Serikali ikalazimika kuwaita Waingereza kuzima maasi, jambo ambalo Mwalimu Nyerere hakulifurahia hata kidogo. Jeshi lile likavunjwa, na Septemba 1, 1964 ikazaliwa JWTZ. Jeshi jipya lilihitaji kikosi cha anga, na kikosi cha anga kinahitaji marubani, ambao hawaoti kama uyoga. Ujerumani Magharibi ikajitokeza kusaidia. Italeta wakufunzi, italeta ndege. Ndiyo asili ya Piaggio kuwemo katika historia yetu: ndege ya Kiitaliano, iliyoundwa kwa leseni na kiwanda cha Focke-Wulf cha Bremen.

Tatizo likatokea Zanzibar. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, nayo ikafungua ubalozi Unguja na kuanza kutoa misaada. Aprili 26 ukaja Muungano. Nchi moja sasa ina Wajerumani wa aina mbili, na wale wa Magharibi walikuwa na kanuni yao, kanuni ya Hallstein: anayeitambua Ujerumani Mashariki hawezi kuwa rafiki yetu. Nyerere akatafuta njia ya katikati. Ujerumani Mashariki isiwe na ubalozi, iwe na konseli kuu Dar es Salaam, bila kutambuliwa rasmi.

Bonn hawakukubali. Februari 1965 wakasitisha msaada wa kijeshi, na wakufunzi wa anga wakafunga mizigo. Mwalimu aliachia swichi, na safari hii mwanafunzi hakuwa na la kufanya.

Ila kuna kipande ambacho watu wengi wa rika langu hatukufundishwa shuleni. Ujerumani Magharibi walikuwa wameondoa msaada wa kijeshi tu, huku wakiashiria kwamba mingine nayo iko mashakani. Nyerere hakusubiri. Aliwaambia wachukue na misaada yote iliyobaki ya serikali yao. Nchi ilikuwa na miaka mitatu na miezi michache tangu uhuru. Mwaka huo huo, Desemba, ikavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia na kupoteza mkopo wa pauni milioni 7.5. Unaweza kusema ulikuwa ukaidi. Mimi naona alikuwa amehesabu: msaada unaoweza kuondolewa kwa siku moja, kwa sababu ya konseli, tayari ulikuwa unaongoza sera yako ya nje hata kabla haujaondolewa.

Gharama yake lakini ilikuwepo, tusidanganyane. Waliokuwa wanajifunza kuruka walibaki chini. Wakaja Wakanada, kuanzia 1965 hadi 1970, na ndege za Otter na Caribou, ambazo angalau zinaweza kutua kwenye viwanja vifupi vya udongo kama tulivyo navyo mikoani. Baada yao Wachina, pamoja na kambi ya ndege ya Ngerengere. Walimu watatu ndani ya miaka michache, na kila mwalimu na lugha yake.

Majirani nao walipitia njia hiyo hiyo. Uganda ilifundishwa na Waisraeli na kupewa Fouga Magister, ndege ya jeti ya mafunzo. Mwaka 1972 Amin akawafukuza. Magister inatufundisha jambo jingine pia: ukiifunga bunduki na maroketi, darasa linakuwa silaha. Burundi, ng'ambo tu ya Kasulu na Kibondo, baadaye ilikuwa na SF.260 za Italia, ndege za mafunzo ambazo zina toleo la kubeba silaha. Kwa watu wa Buha hili siyo somo la vitabuni. Mwaka 1973 jeshi la Burundi lilivuka na kushambulia vijiji vyetu vya mpakani mkoani Kigoma, hadi wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam wakagoma kugusa mizigo ya Burundi.

Na hii rimoti yenyewe iliwahi kufungwa kwenye ndege ya mafunzo. Mwaka 1935 Waingereza walichukua Tiger Moth, ndege iliyofundisha marubani wao wengi, wakaitoa rubani na kuiongoza kwa redio kutoka chini, ili wapiga mizinga wapate shabaha ya kweli ya kulenga. Wakaiita Queen Bee, malkia wa nyuki. Inaaminika kuwa jina droni limetokana na hapo, maana kwa Kiingereza ni nyuki dume. Wafuga nyuki wa Kibondo watacheka, kwani nyuki dume ndiye mvivu wa mzinga. Desemba 2013 Umoja wa Mataifa ukarusha droni zake Goma kuangalia waasi. Mwaka 2018 nyingine ikajaribiwa kupeleka dawa Ukerewe, kilomita 60 juu ya Ziwa Victoria kwa dakika 40.

Mwaka huo huo wa 2018 zikatoka kanuni za vyombo vya angani vinavyoongozwa kwa mbali. Nikamweleza yule kijana: ndege ya kilo 26 yenye rangi za jeshi, ikiruka Kasulu, wilaya ya mpakani yenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, haitaulizwa kama ni ya mfano. Kabla ya gundi na mbao, aanze na barua ya kuomba kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Na rangi achague nyingine.