Marta hakuwa anahamahama, timu ndizo zilikuwa zinakufa

Juzi tulikuwa tunabishana na mabeshte kuhusu nani mkali wa boli wa wakati wote. Ubishi ule wa kila siku, Messi ama Ronaldo, mpaka chai inapoa mezani. Mimi nikataja Marta. Mmoja akacheka, akasema, "Huyo hata hujui yuko timu gani. Kila ukiamka ako kwingine. Mkali hutulia mahali."

Nilinyamaza kidogo kwa sababu kwa orodha hayuko mbali. Vasco da Gama, Santa Cruz, Umeå, Los Angeles Sol, Santos, FC Gold Pride, Western New York Flash, Tyresö, Rosengård, Orlando Pride. Hizo ni timu kumi kwa nchi tatu. Ukiziona hivyo bila stori unaweza kusema huyu dada ana miguu inayowasha.

Lakini nilienda nikaipitia hiyo safari mwaka kwa mwaka, na manze, si ile stori nilikuwa nimeambiwa. Mara nyingi Marta hakuhama kama mpangaji aliyechoka na nyumba. Alihama kama mpangaji anayeamka asubuhi na kukuta tingatinga mlangoni.

Tuanze mwanzo kabisa, kabla hata hajazaliwa.

Mwaka 1941, serikali ya Getúlio Vargas kule Brazil ilitoa amri iliyosema wanawake wasicheze michezo isiyolingana na maumbile yao. Mpira wa miguu ukaingia hapo. Yaani hiyo Brazil tunayoiita nyumbani kwa boli, nchi ya Pelé, ilikuwa imewafungia nusu ya watu wake nje ya uwanja kwa amri ya serikali. Amri hiyo ilikaa mpaka 1979. Hebu hesabu: wanaume wa Brazil walichukua Kombe la Dunia 1958, 1962 na 1970, na muda huo wote dada zao walikuwa wamekatazwa kucheza.

Marta Vieira da Silva alizaliwa tarehe 19 Februari 1986, Dois Riachos, mji mdogo wa jimbo la Alagoas, huko kaskazini mashariki kwenye ukame na umaskini. Amri ilikuwa imeondolewa miaka saba tu. Na unajua vile sheria huwa. Karatasi inaweza kufutwa leo, lakini iliyo vichwani mwa watu inabaki. Baba yake aliondoka Marta akiwa mdogo sana, mama akabaki na watoto wanne na kazi za kutwa nzima. Marta akacheza na wavulana kwa sababu hakukuwa na wasichana wa kucheza nao.

Kuna kisa ambacho amekisimulia mwenyewe. Kulikuwa na mashindano ya wavulana huko kwao, naye alikuwa anacheza. Kocha wa timu nyingine akasema kama huyu msichana atacheza, yeye anaondoa vijana wake. Unadhani waandaaji walimwambia huyo kocha aende nyumbani? Walimtoa msichana.

Hapo nilisimama kusoma kwa muda, na nitawaambia kwa nini baadaye.

Akiwa na miaka 14 alipanda basi kutoka Alagoas mpaka Rio de Janeiro. Siku tatu barabarani. Alikuwa anaenda kujaribiwa na Vasco da Gama, na akachukuliwa. Ukikaa hapo unasema sasa ameomoka. Haikuchukua hata miaka miwili, Vasco ikafunga timu yake ya wanawake. Sasa uko Rio, wewe ni mtoto, nyumbani ni siku tatu kwa basi, na timu haipo tena. Akaenda Santa Cruz, klabu ndogo jimbo la Minas Gerais.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza. Wekeni alama.

Mwaka 2003 akacheza Kombe la Dunia akiwa na miaka 17. Mwaka uliofuata akaitwa Uswidi na Umeå IK, timu ya mji ulio kaskazini mwa nchi, mahali ambapo wakati wa baridi jua linachungulia tu na kurudi kulala. Msichana wa nchi ya ukame, hajui lugha, akatua huko. Msimu wa kwanza tu wakachukua kombe la klabu za Ulaya kwa kuipiga Frankfurt ya Ujerumani jumla ya 8–0 katika mechi mbili za fainali. Kisha wakachukua ligi ya Uswidi miaka minne mfululizo, 2005 mpaka 2008. Alifunga zaidi ya mabao 100 ya ligi akiwa hapo.

Na ona hili: Umeå alikaa miaka mitano. Mahali ambapo ploti ilikuwa imesimama, Marta alitulia. Kwa hivyo ile hoja ya "hatulii" imeanza kuvuja.

2007, Kombe la Dunia huko China, Brazil ikaitandika Marekani 4–0 nusu fainali. Marta alifunga mawili, na lile la pili unafaa ulitafute ulione. Alimzungusha beki akiwa ameupa mgongo lango, akamwacha akitafuta mpira, akampita mwingine, akaweka wavuni. Alimaliza mashindano na mabao 7. Fainali walipoteza 2–0 kwa Ujerumani, na Marta alikosa penalti. Kuanzia 2006 hadi 2010 FIFA ilimtaja mchezaji bora wa dunia mara tano mfululizo.

Sasa shika hiyo miaka vizuri, 2006 hadi 2010, kwa sababu hapa ndipo stori inauma.

2009 Marekani ilianzisha ligi mpya ya kulipwa ya wanawake, na Marta akasajiliwa na Los Angeles Sol. Iliripotiwa atalipwa dola 500,000 kwa mwaka, pesa ambayo haikuwa imesikika kwa boli ya wanawake. Akawa mfungaji bora, timu ikaongoza jedwali. Januari 2010 wenye klabu wakaondoka, na hakuna aliyeinunua. Los Angeles Sol ikafa baada ya msimu mmoja.

Wachezaji wakagawanywa kwa timu zilizobaki, Marta akaangukia FC Gold Pride, huko huko California. Akafunga mabao 19, wakachukua ubingwa kwa kushinda fainali 4–0. Miezi miwili hivi baadaye, Novemba 2010, Gold Pride ikatangaza imefungwa. Mabingwa. Hawakupata hata nafasi ya kulitetea kombe lao.

Akaenda Western New York Flash, 2011. Akawa mfungaji bora tena, wakachukua ubingwa tena. Safari hii klabu haikufa. Ligi nzima ndiyo ilikufa. Msimu wa 2012 ukasimamishwa, na kufikia Mei ikawa imezikwa rasmi.

Hebu tulia hapo. Mchezaji bora wa dunia. Miaka mitatu, timu tatu, mfungaji bora miaka yote mitatu, mataji mawili. Na mwisho wa kila msimu anaambiwa samahani, tafuta kwingine. Angekuwa Messi huyu, dunia ingesimama. Na huko kwao mambo yalikuwa vile vile. Santos, klabu ambayo Marta aliichezea kwa mkopo na kuisaidia kuchukua kombe la Amerika Kusini 2009, ilivunja timu yake ya wanawake mwanzoni mwa 2012 ikisema inabana matumizi. Timu ya wanaume wakati huo ilikuwa na Neymar.

Akarudi Uswidi, Tyresö, karibu na Stockholm. Wakachukua ligi mwaka huo huo wa 2012. Mei 2014 wakafika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Lisbon, dhidi ya Wolfsburg. Tyresö ilikuwa mbele 2–0, ikasawazishwa, Marta akaiweka mbele tena 3–2, mwisho wakapoteza 4–3. Marta alifunga mawili kwa fainali hiyo, na klabu ilikuwa tayari imezama kwa madeni. Wiki chache baadaye ikajiondoa kwa ligi ya Uswidi katikati ya msimu. Kutoka fainali ya Ulaya hadi kutokuwepo, bila hata mwezi kuisha vizuri.

Nilipofika hapo ndipo nikaelewa kitu. Tunaambiwa kila siku kwamba boli ya wanawake haina pesa kwa sababu haina wateja, na haina wateja kwa sababu si kali. Lakini mteja anaundwaje? Mimi ni shabiki wa timu yangu kwa sababu mjomba alikuwa shabiki, na timu ilikuwepo kabla yetu wote. Ushabiki ni mazoea ya miaka na miaka. Mtoto wa Los Angeles aliyempenda Marta 2009 alipaswa kubadilisha timu 2010, tena 2011, na 2012 hakuwa na cha kutazama kabisa. Huwezi kung'oa mti kila mwaka halafu uulize mbona hauna matunda.

Na ndio, najua jibu la mabeshte. Biashara ni biashara, kama haileti doo inafungwa. Sawa. Klabu za wanaume pia hufilisika, sikatai. Lakini klabu ya wanaume ikiyumba, mara nyingi atatokea tajiri, serikali ya mji, ama mashabiki wenye kumbukumbu za babu zao. Wanawake wa Brazil walizuiwa kujenga hizo kumbukumbu kwa karibu miaka 40. Hata Uingereza, chama cha soka kilizifungia timu za wanawake viwanja vya klabu zake 1921, na marufuku hiyo ikakaa miaka 50. Huwezi kumfunga mtu miguu nusu karne kisha umcheke anakimbia polepole.

Baada ya Tyresö alienda Rosengård, Malmö, akachukua mataji mengine. 2017 akahamia Orlando Pride, Marekani tena, ligi nyingine mpya. Na huko amekaa. Hii ligi haikufa. Goti likamvunja moyo 2022, akakosa msimu mzima, na timu yenyewe ikawa miaka mingi haina kombe hata moja. Hakuondoka.

Kwa Kombe la Dunia la 2019 alifunga bao lake la 17, akampita Miroslav Klose wa Ujerumani aliyekuwa na 16 kwa wanaume. Mashindano hayo alivaa viatu visivyo na nembo ya kampuni yoyote, vyenye alama ya usawa tu, kwa sababu ofa aliyopewa ilikuwa chini ya thamani yake. Ufaransa ilipowatoa, alisimama mbele ya kamera huku machozi yanamlenga akawaambia wasichana wa Brazil kwamba yeye hatakuwepo milele, wajitume sasa ili wacheke baadaye.

Halafu ikaja Novemba 2024. Fainali ya ligi ya Marekani, Orlando dhidi ya Washington Spirit. Marta ana miaka 38, ndiye nahodha. Mechi ikaisha 1–0, na aliyefunga hilo bao moja ni Barbra Banda. Mzambia. Dada yetu wa Afrika ndiye aliyempa Marta kombe ambalo Orlando ilikuwa haijawahi kuligusa. Banda naye ana stori yake nzito ya kufungiwa milango, hiyo tutaifanyia siku yake.

Agosti 2025, fainali ya Copa América huko Quito, Brazil iko nyuma ya Colombia 3–2 dakika za nyongeza. Nani anasawazisha? Mama wa miaka 39, kutoka nje ya boksi. Akaongeza lingine muda wa ziada, akakosa penalti yake kwa matuta, na Brazil ikashinda hata hivyo.

Sasa nirudi pale niliposimama.

Mtaani kwetu kulikuwa na msichana aliyekuwa anajua boli kutushinda. Tukiwa darasa la sita alikuja kiwanjani na raba zake, akauliza atacheza upande gani. Tukamwambia akiingia sisi tunaenda. Mimi ndiye nilisema, na sikusema kwa mchezo. Nilikuwa naogopa kupigwa chenga mbele ya watu. Akakaa kwa jiwe akatulindia sweta mpaka jioni. Wiki iliyofuata hakuja.

Nilipokuwa nasoma kuhusu huyo kocha wa Alagoas, sikumwona mzee wa Brazil. Nilijiona mimi, na sina hata amri ya Vargas ya kusingizia.

2027 Kombe la Dunia la wanawake linaenda Brazil, nchi iliyowakataza kucheza. Uliangalie. Na kabla hujafika huko, jumamosi hii ukienda kiwanjani na ukute msichana amesimama kando na raba mkononi, usingoje aulize. Mpe upande.