Tatizo la Miaka katika Doctor Who

Katika Pyramids of Mars (1975), Sarah Jane Smith wa mfululizo wa BBC, Doctor Who, anasema ametoka mwaka 1980. Lakini katika Mawdryn Undead (1983), Brigedia Lethbridge-Stewart, aliyekuwa naye katika visa vya awali, tayari ni mstaafu anayefundisha shuleni mwaka 1977. Mashabiki wamebuni nadharia chungu nzima za kupatanisha miaka hiyo. Huku Mukurweini mkinzano kama huo hautishi: mabinti wa Gikuyu na Mumbi huitwa tisa, nao ni kumi, husemwa tu "kenda mũiyũru", tisa iliyotimia. Mhakiki wa historia, hata hivyo, hana budi kuuliza chanzo. Nafasi ya mwalimu ilikusudiwa Ian Chesterton, mhusika wa 1963. Mwigizaji wake, William Russell, hakupatikana, Brigedia akaingizwa badala yake.